Barua ya wazi kwa vijana wa steji ya bodaboda, Malaba

Wanangu,

Jana nikila roleksi pale kibandani niliwasikia mkibishana kuhusu Amerika ya Kusini. Mmoja wenu akasema wapigakura wa kule ni vigeugeu: leo mrengo wa kushoto, kesho wa kulia. Sikujibu, mdomo ulikuwa umejaa. Leo uko wazi.

Tazameni Chile. Tangu 2010 kila uchaguzi wa rais umempa kiti mpinzani: Piñera wa kulia, Bachelet wa kushoto, Piñera tena, Boric wa kushoto, na Desemba 2025 Kast wa kulia. Mwaka 2022 wananchi waliletewa rasimu ya katiba iliyoandikwa zaidi na watu wa kushoto, wakaikataa. 2023 ikaja ya watu wa kulia, nayo wakaikataa. Kwangu huyo si kigeugeu. Ni mtu aliyejaribu shati likambana, akaletewa jingine likampwaya.

Kast alibebwa sana na hofu ya uhalifu, sikatai. Ila kwingine ni sufuria tu. Argentina, 2023, bei zilipanda zaidi ya mara mbili ndani ya mwaka mmoja, wakamchagua Milei wa kulia. Bolivia, chama cha kushoto kilichoingia na Rais Morales 2006 kiliangushwa 2025, dola zikiwa hazipatikani na magari yamepanga foleni ya mafuta. Nyinyi wa pikipiki hilo hamhitaji kufafanuliwa.

Na bei za bidhaa wanazouza nje, zinazoijaza sufuria hiyo, mara nyingi hazipangwi ikulu. Miaka ya 2000 China ilikuwa ikinunua soya, shaba na chuma chao kwa pupa, marais wa kushoto wakapata hela za kugawa na sifa juu yake. Mnamo 2014 bei za bidhaa hizo zikaporomoka, na waliokuwa vitini wakaanza kuonekana wabaya. Basi mkibishana tena, kabla ya kuuliza nani wa kushoto, ulizeni mazao yao yalikuwa yakiuzwaje mwaka ule.

Msinione mjuaji. Mwaka 1994 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na kahawa yangu kule Sironko ikapanda bei. Nikaezeka mabati, nikazunguka kijiji kizima nikimsifu mwenyekiti wetu kana kwamba kaipandisha yeye. Iliposhuka nilimtukana sokoni, mbele ya wakwe zake. Maskini, naye habari za baridi ya Brazil hakuwa nazo.

Mzee wenu