Nani aliyekata shauri la kifo cha Daktari?

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua niseme neno kuhusu makala mliyochapa wiki iliyopita juu ya Doctor Who, mfululizo wa BBC ulioanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 1963, unaomhusu Daktari, msafiri wa wakati ambaye akifikwa na kifo hugeuka mwili na sura, na hivyo huigizwa na waigizaji mbalimbali kwa zamu. Mwandishi wenu aliugusia mchezo wa sauti uitwao Death Comes to Time kwa sentensi moja tu, akasema kwamba haumo katika masimulizi rasmi, yaani hadithi zinazohesabiwa kuwa zilimtokea Daktari kweli, kisha akaendelea na mengine kana kwamba shauri limekwisha. Shauri hilo halijakwisha, na wala halijawahi kupata hakimu.

Mchezo huo ulitolewa kwenye tovuti ya BBC kati ya mwaka 2001 na 2002, ukisindikizwa na picha za kuchorwa. Sylvester McCoy, aliyekuwa Daktari wa saba katika televisheni, alirudi kuigiza nafasi yake, na Sophie Aldred akawa tena Ace, msafiri mwenzake. Ugomvi wote unatokana na mwisho wake. Humo Mabwana wa Wakati, yaani jamii anayotoka Daktari, wana uwezo unaokaribia wa miungu ila wamejizuia kuutumia. Daktari anautumia ili kumwangamiza adui yake, Jenerali Tannis, naye mwenyewe anakufa kabisa hapo hapo. Lakini filamu ya televisheni ya mwaka 1996 ilikwisha kutuonyesha Daktari huyo huyo akipigwa risasi San Francisco, akifia kwenye meza ya upasuaji, kisha akiamka mochari akiwa na sura ya Paul McGann, Daktari wa nane.

Kwa hiyo nakubaliana na mwandishi wenu kwamba hadithi hizo mbili hazipatanishiki, na wanaohangaika kuziunganisha kwa kisingizio cha ulimwengu mwingine wanajitaabisha bure. Ninachokataa ni neno "rasmi". BBC haijawahi kutoa orodha ya hadithi zinazohesabiwa na zisizohesabiwa. Na kama kupingana ndiko kosa, basi televisheni nayo ishtakiwe, kwani kati ya mwaka 1967 na 1972 ilitoa maelezo matatu tofauti ya jinsi Atlantis, kisiwa cha hadithi za kale, kilivyoangamia, na hakuna aliyeyafuta hata moja.

Isitoshe, mpaka kati ya sauti na picha umekwisha kuvukwa na wenye mfululizo wenyewe. Mwaka 2005 Robert Shearman aliandika kipindi cha televisheni cha Dalek kwa kuchota katika Jubilee, mchezo wa sauti aliokuwa ameuandika yeye mwenyewe miaka miwili kabla. Mwaka 2013, katika filamu fupi ya dakika saba hivi, Daktari wa McGann anasimama na kikombe mkononi, na kabla ya kunywa anawataja Charley, C'rizz, Lucie, Tamsin na Molly, wasafiri wenzake ambao mtazamaji wa televisheni pekee hakupata kuwajua, kwa sababu waliishi katika michezo ya sauti tu. (Nakiri kwamba niliirudia sehemu hiyo mara tatu, nikihakikisha kuwa nimesikia vizuri.)

Mwandishi wenu angeandika kwamba Death Comes to Time unapingana na filamu ya mwaka 1996, nisingekuwa na la kujibu.

Msikilizaji wa michezo ya redio,
Morogoro