Mkungu wa jirani umesogelea ukuta wa watoto, nifanyeje?

Ndugu mhariri, salaam.

Mimi ni msomaji wenu wa Tanga. Jirani yetu ana mti wa mkungu, hatua nne hivi kutoka ukuta wa chumba wanacholala wanangu. Tulipohamia ulikuwa unalingana na dirisha. Sasa umepita paa na matawi yamelala juu ya bati.

Majani siyalalamikii, ingawa mkungu hupukutika mara mbili kwa mwaka na mifereji ya bati huziba. Hata popo wanaofuata kungu usiku na kutuchafulia ukuta nimewazoea. Kinachoninyima usingizi ni ufa. Umeanzia kwenye kona ya dirisha, upande wa mtini, ukashuka ngazi ngazi kufuata maungio ya matofali. Kiangazi unapanuka hadi sarafu inapita. Masika yakikolea unakaribia kujifunga. Udongo wetu ni mfinyanzi. Upande wa pili wa nyumba ukuta ni mzima kabisa.

Fundi wa kwanza alisema mizizi inanyonya maji chini ya msingi, udongo unasinyaa, ukuta unatitia. Wa pili alifukua kidogo akacheka: msingi umechimbwa juujuu, hata bila mti nyumba ingepasuka. Huenda wote wawili wamesema kweli. Ila fundi bomba alipofungua bomba liendalo karoni, alichomoa mizizi myembamba iliyosokotana kama nywele. Kwamba imeshafika kwetu, hilo halina ubishi.

Mume wangu anataka tuchimbe mtaro upande wetu tuikate yote. Mimi naogopa. Mizizi hiyo nayo inaushikilia mti, na kusi likivuma unainamia kwetu. Tena fundi yule wa kwanza alituonya kuwa mti mkubwa ukiondolewa ghafla, mfinyanzi hunywa maji ukavimba, na nyufa mpya zikatokea.

Mwenyewe ni bibi mjane. Mkungu aliupanda marehemu mumewe, na kila asubuhi anauza vitumbua kivulini pake. Nilipogusia kupunguza matawi alinijibu, "Mwanangu, mti huu umewatangulia hapa." Ni kweli, na jioni yake aliwaletea watoto vitumbua kama kawaida. Kwa mwenyekiti wa mtaa sitaki kuanzia. Bibi akiitwa ofisini atajua nimemshitaki, na ujirani utakuwa umekwisha.

Wenye ujuzi wa ujenzi nisaidieni: ufa unaofunguka kiangazi na kufunga masika ni wa mizizi, au ni msingi tu? Kupogoa matawi kila mwaka kunaweza kupunguza kiu ya mti kiasi cha kuuokoa ukuta? Na gharama ya mpogoaji aibebe nani? Mimi niko tayari kuilipa yote, mradi bibi akubali. Aliyewahi kuongea na mzee juu ya mti wake wakabaki wanasalimiana, aniambie alianzaje.

Mama Watoto,
Tanga