Mama, usitie wasiwasi na hizi mbio

London, Aprili

Mamangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nawabusu mikono wewe na Baba. Huku sijambo, ila hii baridi ambayo wenyeji wanasema imekwisha, mimi bado naivalia makoti mawili.

Dada ameniambia habari ya mbio imekufikia na umeuliza, "Mtu mzima, ana kazi ya usiku, anakimbilia nini?" Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu huniachii nafasi.

Ni kweli. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, inshallah, nitakimbia London Marathon, kilomita 42 na mita 195. Ukitaka kuujua urefu wake, toka mjini Lamu kwa pwani hadi Shela, urudi, na ufanye hivyo mara saba. Hizo mita 195 mwambie Baba, najua atazifurahia. Olimpiki za 1908 zilifanyika hapa, na njia ikapimwa kuanzia kasri la Windsor hadi mbele ya jukwaa la kifalme uwanjani. Mwaka 1921 kipimo hicho kikafanywa ndicho cha dunia nzima. Basi watu wote hawa tunaumia miguu kwa ajili ya kiti cha mfalme.

Kazini wakishasikia Mkenya, wanadhani nitakuwa sambamba na Peres Jepchirchir, aliyeshinda hapa 2024 kwa saa 2, dakika 16 na sekunde 16. Nimechoka kuwaeleza kwamba wale ni watu wa Bonde la Ufa, wamekulia juu kwenye hewa nyepesi, na sisi Waamu mbio tunazozijua ni za punda. Mimi nikimaliza kwa saa tano nitasujudu pale pale.

Ulimuuliza Dada kama Ramadhani nilifunga. Nilifunga, Mama. Mbio sikuziacha, nilizipunguza tu. Nafungua kwa tende na maji, nasali, nangoja tumbo litulie, ndipo natoka kidogo kabla ya kula chakula chenyewe. Za masafa marefu nilizisogeza baada ya Idi. Wenzangu wa mazoezi walinionea huruma, kumbe mimi naona mwezi ule ulinifaa kuliko vitabu vyao vya mafunzo. Mtu aliyezoea kuisikia njaa alasiri akaendelea na kazi zake, kuchoka hakumtishi upesi.

Na wengi huku wanakosea hapo hapo, wanadhani mazoezi ni kujitesa kila siku. Sehemu kubwa ni kukimbia polepole, kiasi cha kuweza kuzungumza na mwenzako bila kuhema. Mara moja kwa wiki ndiyo unakwenda mbali, unaongeza kidogo kidogo. Mimi nimefika kilomita 32 kando ya mto Thames, na inatosha. 42 zenyewe zinangoja siku yake.

Inayoogopwa ni kitu wanachokiita ukuta. Mwili una akiba ya sukari kwenye misuli na ini, na kwa wengi huanza kwisha karibu na kilomita ya 30. Hapo miguu inagoma. Dawa yake ni kula ukiwa njiani kabla hujasikia njaa. Wengine wanafyonza sharubati nzito za pakiti, zinanichefua. Mimi nachukua tende, nimezitoa kokwa na kuzikata vipande, kwenye kifuko kiunoni. Nimezijaribu mbio zote ndefu, maana tumbo nalo hufundishwa. Na usiniambie ninywe maji mengi! Maji yakizidi sana huipunguza chumvi ya damuni, na watu wamekufa hivyo. Nitakunywa kwa kiu yangu.

Mavazi yasikusumbue. Suruali ndefu, shati pana linalofika mapajani, na mtandio mwepesi ambao kingo zake nimezishona zishikane chini ya kidevu. Pini sitaki. Pini ikianza kuchoma kilomita ya tano, utakuwa nayo mpaka mwisho. Kwapani na vidoleni najipaka mafuta ya mgando, ngozi isichubuke.

Kichwa ndicho chenye kazi sasa. Wiki hizi za mwisho tunapunguza mbio ili mwili upumzike, na kichwa kikikosa shughuli kinaanza kutafuta maradhi. Jana goti, leo koo. Nalala mapema siku nisizo kazini na simu naiweka mbali. Siku yenyewe sitaiwaza 42. Nitawaza kufika kwenye ile meli kongwe, Cutty Sark, kisha daraja la Tower Bridge, ambalo liko kabla kidogo ya nusu ya njia, kisha majumba marefu ya Canary Wharf. Kuanzia hapo nimejiwekea tasbihi, Subhanallah kwa hatua nne, Alhamdulillah kwa hatua nne. Nimeshaifanyia majaribio kwenye mvua na inanishikilia mwendo vizuri kuliko muziki.

Nitaanza saa tano asubuhi ya huku, kwenu ni saa saba mchana. Dada ana namba yangu ya mbio, ataniona kwenye simu ninavyosogea. Alama ikisimama msipige mayowe, mara nyingine mtandao wenyewe ndio unaokwama. Kuleni chakula cha mchana kama kawaida, na mkisikia adhana ya alasiri mniombee dua, kwani hapo nitakuwa bado niko njiani.

Mwanao akupendaye