Barua kwa Somoe: eosinofili zikipanda, tazama minyoo kwanza

Shangani, Mtwara
Desemba

Mpendwa Somoe,

Salamu nyingi huko Kilwa. Yule mtoto wa miaka 9 anayelia kifua, mwenye eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu) 1,800 kwa maikrolita, usimwandike pumu bado.

Shina la jambo ni interleukini-4, protini ndogo ambayo seli nyeupe hupashana nayo habari. Ikizifikia seli B za kinga, huanza kutengeneza kingamwili iitwayo IgE. Ndugu yake interleukini-5 huamsha uboho utoe eosinofili. Interleukini-13 huongeza ute na kukaza misuli ya njia ya hewa. Jeshi hili ni la kufukuza minyoo. Mzio ni jeshi lilelile kuvamia vumbi au korosho, kwa hiyo eosinofili pekee hazikwambii kama ni minyoo au mzio.

Na msimu huu watoto wanashinda mikoroshoni miguu mitupu. Lava (minyoo wachanga) wa safura na wa strongiloidesi, wote minyoo wa utumbo, hupenya ngozi ya wayo, wakapita na damu hadi mapafuni, na hapo ndipo kifua hulia. Ukipima choo siku hizo hukuti kitu, maana minyoo hawajakomaa utumboni. Rudia sampuli 3 za siku tofauti, choo kikiwa kibichi: kikishinda kwenye joto, mayai ya safura huanguliwa nawe ukadhani umeona strongiloidesi.

Ninachokusihi zaidi ni kujihadhari na prednisoloni, ile steroidi ya kutuliza kifua. Itashusha eosinofili, karatasi ya maabara ipendeze, kumbe strongiloidesi wanazaana ndani kwa ndani na kusambaa hadi ubongoni pamoja na bakteria wa utumbo. Mtoto hufa hivyo. Albendazoli moja ya miligramu 400, ile dawa ya minyoo ya shuleni, haiwamalizi. Dawa yao ni ivamektini, maikrogramu 200 kwa kilo: mwenye kilo 30 anapata vidonge 2 vya miligramu 3. Chini ya kilo 15 usimpe. Lakini akibanwa pumzi kweli usimnyime steroidi. Mpe, na ivamektini iende sambamba.

Kikohozi kikivuka wiki 2, pima na makohozi. Interleukini-4 ikizidi huzima interferoni-gama, protini nyingine ya kinga, na interferoni hiyo ndiyo inayozipa seli nguvu ya kuua vimelea vya kifua kikuu.

Dupilumabu, ile dawa ya sindano uliyoniuliza, huziba kipokezi cha interleukini-4 na 13. Marekani waliiruhusu 2017 kwa pumu ya ngozi, na maelekezo yake yenyewe yanataka minyoo itibiwe kwanza.

Rudia picha ya damu baada ya wiki 6. Eosinofili zikigoma kushuka na kifua bado kinalia, niandikie, hapo tuizungumze pumu.

Wasalimie nyumbani.

Rafiki yako,
Hadija