Barua kwa sahibu yangu wa Wete

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Sahibu yangu mpenzi,

Baada ya salamu, nakuarifu kuwa mimi ni mzima wa afya, na nataraji nawe u hali kadhalika pamoja na jamaa wote hapo Wete. Barua yako nimeipata, na suala lako, kwamba miaka yote hii ya kufanya kazi katika meli za mizigo imenipa nini zaidi ya mshahara, nimelizingatia sana kabla ya kushika kalamu.

Ningeweza kukusimulia mfereji wa Panama, uliofunguliwa mwaka 1914, ambako meli nzima na shehena yake hupandishwa kwa nguvu za maji hadi katika ziwa lililo mita 26 juu ya usawa wa bahari, kisha ikateremshwa upande wa pili. Lakini kilichonikaa zaidi moyoni ni Surabaya, kule Indonesia. Tulipofunga gati na kushuka mjini, nilinusa karafuu, wala hazikuwa zimeanikwa popote. Zilikuwa katika moshi wa sigara, kwani watu wa kule huzikatakata karafuu wakazichanganya na tumbaku, na sehemu kubwa ya mavuno ya nchi yao huishia humo. Mchukuzi mmoja wa bandarini alinipa sigara yake, nikaifunua karatasi kiganjani, na vile vipande vyeusi vilikuwa na harufu ile ile ya majamvi yetu wakati wa msimu.

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, huko huko Indonesia. Ulistawi kwetu katika karne ya 19, hata ikafika wakati Indonesia yenyewe ikawa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar. Baadaye walipanda mikarafuu yao kwa wingi mpaka wakajitosheleza, na bei yetu ikaanguka. Unakumbuka wazee wetu walivyokuwa wakiulizana barazani bei imekwenda wapi? Sehemu ya jawabu lao ilikuwa ng'ambo ya bahari, na mimi nisingeijua lau ningebaki shambani nikichuma na kuchambua tu. Hilo nalithamini kuliko fedha yoyote niliyoleta nyumbani.

Maskati sikuhisi ugeni hata kidogo, kwani katika soko la Mutrah nilizungumza Kiswahili na watu ambao wazee wao waliishi Unguja na Pemba.

Ama kuhusu kijana wako anayetaka ubaharia, rai yangu ni kwamba aende, lakini kwanza apate mafunzo katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam, asome kila kifungu cha mkataba kabla ya kutia saini, na asimwachie wakala yeyote pasipoti yake. Nimewaona vijana waliokwama katika bandari za watu bila ya mshahara wala nauli ya kurudi kwao, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Akiwa tayari, na anipigie simu mwenyewe, nimweleze mambo ya kumuuliza wakala kabla hawajakubaliana.

Nisalimie mama watoto na majirani wote.

Wasalaam,
Nduguyo akupendaye