Kifaa sawa, ila hayo maneno 24 mnayaweka wapi?

Ndugu mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Juzi mliandika kwamba wenye kripto, hizi sarafu za kidijitali kama bitcoin, waache kuziacha kwenye eksichenji, yaani makampuni ya mtandaoni ya kununulia na kuuzia kripto, wanunue hadiwea waleti, kile kidude cha kutunzia mwenyewe ufunguo wa kripto zako, na hapo sibishi hata kidogo, waliokuwa na hela zao kwenye eksichenji ya FTX ile Novemba 2022 wanajua ilivyokuwa, unabonyeza kutoa hela haitoki, na kabla yao Mt. Gox ya Tokyo 2014 walitangaza bitcoin kama 850,000 hazionekani. Shida yangu ni kwamba mmeishia hapo, kama vile mtu akishanunua hicho kidude basi kazi imeisha.

Mimi ni fundi simu Kariakoo. Simu ikija na kioo kimepasuka, nikishabadilisha lazima nijaribu tachi na kamera, sasa kuna jamaa nilipiga picha ya kujaribu mbele yake, nikaifungua, kuteleza kidole tu nakutana na picha ya karatasi ina maneno ya Kiingereza yamepangwa kwa namba, 1 mpaka 24, ndo yale hadiwea waleti inakupa uyaandike siku unaiwasha. Na mwenyewe kwenye begi ana Ledger kabisa, hadiwea waleti yenyewe, kaifunga kwenye soksi! Nikamwambia bro futa hii, na usiishie kwenye simu, angalia na Google Photos maana inajipandisha yenyewe. Akanijibu, "Fundi, si kifaa ninacho na kina pini?"

Hapo ndipo wengi wanapojichanganya. Kile kidude hakina sarafu ndani, sarafu ziko kwenye blokucheini, yaani daftari la miamala lililoko mtandaoni, chenyewe kinatunza ufunguo na kusaini, yaani kuidhinisha, muamala bila ufunguo kutoka kwenda kwenye simu au kompyuta, ndo maana hata kompyuta ikiwa na virusi ufunguo hauibiwi. Na yale maneno ndo ufunguo wenyewe kwa maandishi. Pini ya Ledger ukikosea mara 3 kinajifuta, safi, ila mwenye picha ya maneno yako wala hana shida na pini, anayaingiza kwenye karibu waleti yoyote hata akiwa Mbeya na anahamisha kila kitu, soksi yako haijaguswa. Kifaa kikipotea lakini maneno unayo, unanunua kingine unaendelea. Kwa hiyo peni na karatasi, mwenye uwezo achonge kwenye bati la chuma, basi. Sio WhatsApp ya kujitumia mwenyewe, sio imeili.

Halafu hivi vidude vinavyouzwa mkononi kwa bei chee, mnaviamini vipi jamani? Mwaka 2023 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walifungua Trezor feki, Trezor ni aina nyingine ya hadiwea waleti, kwa nje huwezi kuitofautisha, lakini ndani ilikuwa haibuni maneno mapya, inachagua kati ya seti 20 ambazo wezi walishazipanga, mwenye nacho anaweka hela mwezi anaona salama kumbe anawajazia wenzake. Ukikuta kiboksi kina karatasi tayari imeandikwa maneno, rudisha, maneno lazima yatoke kwenye skrini ya kifaa siku unakiwasha wewe.

Na hata cha halali hakisomi kwa niaba yako. Eksichenji ya Bybit Februari 2025 walipigwa kama dola bilioni 1.5, na waliosaini walikuwa na vifaa hivi hivi, sema ukurasa wa kompyuta ulishachezewa unaonyesha muamala wa kawaida, na kwenye kifaa maelezo hayakuonekana yote, wakabonyeza kukubali. Sisi wa hela ndogo tunabonyeza kubali hivyo hivyo kila siku, hata anwani hatulinganishi.

Mwisho, na hili ndo nililotaka hasa mniulizie. Benki mtu akifa, msimamizi wa mirathi anatoka mahakamani na karatasi yake, anapeleka, hela zinatoka. Huku hakuna wa kumpelekea karatasi, bila maneno hela imeenda. Sasa mke hajui kama kuna kripto, watoto wanaona kidude kama flashi wanakitupa. Kuna mteja ananiambia atayaandika kwenye wosia, nikamuuliza wosia si unasomwa mbele ya ukoo mzima, pamoja na yule shemeji yako? Akacheka ila jibu hana na mimi sina. Mwanasheria wenu wa ile safu ya mirathi atujibu hilo wiki ijayo, maneno yawekwe kwenye wosia, yagawanywe nusu kwa mke nusu kwa kaka, au yawekwe bahasha kwa wakili?

Fundi simu,
Kariakoo, Dar es Salaam