Funguo za akiba yako

Mtwara

Mpendwa Mama Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Rehema na watoto. Sisi hatujambo, joto tu ndilo linalotusumbua.

Umeniomba nikushikie laki moja kila mshahara ukitoka, nisikurudishie hata ukilia, mpaka zitimie pesa za kupaua nyumba. Nimeliwaza ombi lako kwa siku kadhaa. Nitakushikia, lakini si zote, na nina masharti.

Kwanza acha kujiita mzembe. Mzembe haamki saa kumi alfajiri kuwahi shule. Mshahara ukiingia una nia safi kabisa. Wiki mbili baadaye kitenge kipya kikipita mbele yako, mabati ya mwakani unayaona mbali. Wachumi wanaochunguza tabia za watu wanasema wengi wetu tuko hivyo. Cha leo tunakipa uzito kupita kiasi, halafu tunajidanganya kwamba mwezi ujao tutakuwa watu wengine.

Richard Thaler, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, husimulia alivyowaalika wachumi wenzake chakula, akawatengea bakuli la korosho wakati wakisubiri. Wakazifakamia hadi akaona chakula chenyewe hakitalika, akaliondoa bakuli na kulificha jikoni. Wageni wakamshukuru! Kisha wakaanza kubishana, maana walivyofundishwa, mtu hawezi kufurahia kupunguziwa cha kuchagua. Sisi watu wa Mtwara tungemwambia bila Nobel kwamba korosho za kukaanga haziachwi mezani. Korosho zako wewe ni lile kundi la WhatsApp la vitenge. Jitoe leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Sasa hili la kukushikia pesa. Wazo lako si la ajabu. Huko Mindanao, Ufilipino, Green Bank iliwahi kuwapa wateja wake akaunti ambayo mtu huwezi kuigusa mpaka ifike tarehe au kiasi ulichojipangia. Riba haikuzidi ya akaunti ya kawaida, faida pekee ilikuwa kufungwa mikono, na bado asilimia 28 ya walioulizwa waliitaka. Akiba za kundi lililopewa nafasi hiyo zikakua kuliko za wenzao.

Ila kinachonifanya nisite ni utafiti wa Busia, magharibi mwa Kenya. Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa watu masanduku ya kuwekea pesa za afya. Wengine walibaki na ufunguo wao, kama kibubu chenye kufuli. Wengine ufunguo wao ulishikwa na mfanyakazi wa mradi, sanduku lisifunguliwe mpaka lengo litimie. Ungedhani hili la pili ndilo lingeshinda. Wapi! Sanduku ambalo ufunguo uko kwa mwenyewe lilipandisha akiba ya afya kwa asilimia 66. Kufungiwa kabisa hakukuongeza kitu kwa watu wa kawaida, kwa sababu mtoto akishikwa na homa usiku, pesa iliyo kwa mwingine haikusaidii. Kulikuwa pia na utaratibu wa kuzitenga pesa kwa shabaha moja, nao uliwafaa zaidi wale wanaopigwa mizinga na ndugu kila mara. Hapo nilikukumbuka wewe na wajomba zako. Vikundi vya kuchangiana navyo vilileta matokeo makubwa sana.

Kwa hiyo kibubu kiwe kwako, cha dharura tu, ufunguo wako. Elfu ishirini kila mwezi inatosha kuanzia. Sehemu nyingine ingia nayo kwenye mchezo wa walimu hapo shuleni, ule wa kuchangiana na kupokea kwa zamu. Ukimkwepa kijumbe, yule anayekusanya michango, ofisini mara moja, kesho utakutana naye paredi ya asubuhi, na aibu hiyo ina nguvu kuliko nia.

Kubwa kuliko yote ni siku yenyewe ya mshahara. Huko huko Busia, wakulima wengi walinuia kununua mbolea, lakini msimu wa kupanda ukifika pesa za mavuno zimekwisha. Walipofuatwa nyumbani mara tu baada ya kuvuna, wauziwe vocha kwa bei ya kawaida na kupelekewa mbolea bure, matumizi ya mbolea yalipanda kiasi cha kulingana na kupunguziwa nusu ya bei baadaye. Basi siku unayotoa mshahara, pitia duka la vifaa vya ujenzi kabla hujafika nyumbani, ulipie bati mbili au tatu, udundulize hivyo hivyo. Chukua risiti yenye muhuri kila mara, na usilipe kwenye duka usilolijua. Akiba ya vifaa namna hii ndiyo sababu mji umejaa kuta zisizo na paa: watu wameweka akiba kwenye matofali, na hakuna anayekuja kukukopa tofali.

Mimi nitashika elfu thelathini. Niandikie sasa hivi, ukiwa umetulia, sababu tatu ambazo zikitokea nitakupa siku ile ile: ugonjwa, msiba, na ya tatu chagua mwenyewe. Kwa sababu nyingine yoyote utasubiri siku tatu. Kitenge hakimo, hata cha harusi ya wifi yako.

Uliza bei ya geji 28 na ya 30 huko kwenu unitumie, tuone bati ngapi zinaingia kwenye mwezi mmoja.

Wako,
Mama Yusufu